Oksimita ya kidole kwa aliyetoka wodini na Korona

Kama nyumbani kuna mtu aliyelazwa kwa Korona na hadi leo pumzi hazijamtulia, oksimita ndogo ya kubana kidoleni yafaa kununuliwa. Hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni, ikasoma oksijeni ya damu. Hupotoka kwa kama asilimia 2 juu au chini, kwa hivyo 96 jana na 95 leo si habari.

Kwa Lamu na Malindi, tatizo la kwanza ni piko. Hina nyekundu haisumbui sana, lakini piko jeusi huziba mwanga: oksimita hugoma, au hutoa namba ya uongo. Tafuta kidole kisichopakwa. Rangi ya kucha ifutwe, na kucha ndefu ikatwe ili kidole kifike mwisho. Zito zaidi ni kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Mgonjwa akihema, msikilizeni yeye, hata namba ikiwa nzuri.

Akae dakika 5 kwanza, mkono utulie, na asipimiwe barazani penye jua kali. Namba ikishatulia, iandikwe pamoja na saa. Kwa wengi 95 kwenda juu ni sawa. 93 au 94, mpigieni daktari. 92 kushuka, hospitali mara moja, ila kama daktari alishampangia kiwango chake. Aliye Kizingitini au Kiwayu asiingojee hiyo 92, maana kufika hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, ni safari ya boti, na kusi likivuma safari hurefuka.

Namba ya pili, mapigo ya moyo, wengi huipuuza, nayo ina faida kubwa kwa anayelalamika moyo kwenda mbio. Mpimeni akiwa amelala, kisha asimame karibu na ukuta, mtu akiwa kando yake, apimwe kila dakika 2 hadi dakika ya 10. Mapigo ya mtu mzima yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko, ipelekeni karatasi hiyo kwa daktari. Akiona kizunguzungu, aketi hapo hapo.

Uchovu, oksimita haiupimi kabisa. Mtu aweza kusoma 98, na ngazi za nyumba ya ghorofa Mkomani zikamlaza siku mbili. Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya Korona ya muda mrefu rasmi mwaka 2021: uchovu, pumzi fupi na akili kuwa nzito, ambazo kwa kawaida bado zipo miezi 3 tangu kuugua. Kumwonyesha mtu huyo kioo cha oksimita na kumwambia "mbona u mzima" ni kumdhulumu. Kando ya namba andikeni kazi aliyofanya na alivyoamka kesho yake na kesho kutwa, kwani mara nyingi mwili huanguka baadaye, si papo hapo. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha apunguze nini.

Betri kwa kawaida ni mbili, za AAA. Zitolewe kifaa kisipotumika. Kwa hewa ya chumvi, vyuma vya ndani hushika kutu haraka.