TAHADHARI: Kuna mtu anauza safari ya ATV na ziplaini ndani ya Gombe. Safari hiyo haipo

Ndugu zangu mnaopanga kuja Kigoma likizo hii ya Desemba, kabla hujatuma hata shilingi moja, soma hapa. Kuna mtu anauza mtandaoni kifurushi cha siku moja. Asubuhi mnaendesha ATV, zile pikipiki za matairi manne, kwenye matope ya porini. Mchana mnateleza kwenye ziplaini, ule waya wa chuma unaoning'inia juu ya miti, mkilitazama Ziwa Tanganyika. Jioni nyama choma ufukweni. Bei ni shilingi 185,000 kwa kichwa, watoto nusu bei, na mahali pa kufanyia yote hayo anasema ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe.

Mimi ni mkazi wa Kigoma na kazi yangu ni kutembeza wageni. Juzi pale mwaloni Kibirizi tumepokea kikundi kutoka Tabora. Walishuka kwenye treni wakachukua bajaji moja kwa moja mpaka ziwani, kila mmoja na risiti kwenye simu, wakawa wanamwulizia kijana wa kampuni aliyetakiwa kuwapokea na boti. Hakukuwa na kijana wala boti. Namba waliyokuwa wanawasiliana nayo ilizimwa wakati treni iko njiani. Ni walimu na akina mama wa biashara ndogo, wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, na walikuwa wamejibana mwaka mzima ili watoto wao waone ziwa. Nimewaona watu wazima wakikaa juu ya mabegi yao wakishindwa hata kuwaambia watoto kilichotokea. Ndiyo maana naandika.

Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu moja tu: hakai na jina. Nimeonyeshwa matangazo yenye majina tofauti, picha zile zile, maneno yale yale, mpaka kosa lile lile la tahajia kwenye bei. Nikitaja jina moja, kesho utaliona jingine na kudhani uko salama. Shika namna anavyofanya kazi.

Kwanza jambo kubwa ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Gombe haina barabara. Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, unaifikia kwa boti, na ukishashuka pale Kasakela unatembea kwa miguu. Milima inapanda kutoka ziwani bila hata kukupa tambarare, mabonde yana mwinamo mkali, njia ni za mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Matairi manne yatapita wapi? Na hata kama njia ingekuwapo, hapa ndipo Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, na uchunguzi huo haujakoma. Mafua yetu binadamu yanaweza kuwaua sokwe. Mgeni anaambiwa akae mbali nao na ashushe sauti. Anayekuambia kwamba mahali pa namna hiyo wamekubali injini zingurume toka asubuhi anakudanganya, na anategemea kwamba hujawahi kufika.

Picha zake nazo nimezichunguza. Ile ya ziplaini nilipoitafuta kwa Google Lens ilileta kurasa za Costa Rica, za miaka mingi nyuma. Ile ya ATV ina mchanga wa jangwani, na gari lililosimama nyuma lina usukani kushoto, jambo ambalo kwetu hulioni kila siku. Lakini picha ya tatu ni ya kweli kabisa: jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, limepigwa kutoka upande wetu. Hiyo moja ndiyo inayowamaliza watu, maana hata mwenyeji wa Kigoma akiiona anaitambua, akishaitambua anaziamini na nyingine. Ukitumiwa picha, zitafute zote, usiishie kwenye ya kwanza.

Sasa namna anavyochukua pesa. Anaanza kwa upole sana. Anajibu haraka, anatuma sauti badala ya kuandika, anakuita dada, mama, kaka, anauliza mnafika na treni au basi, anakushauri mbebe sweta kwa ajili ya ziwani. Halafu anaomba kishika nafasi, nusu ya bei, kabla ya saa sita usiku kwa sababu "ofa inafungwa". Ukituma, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri si la kampuni, ni la mtu. Mmoja wa akina mama wa Tabora alimwuliza hilo. Alijibiwa kwamba hiyo ni laini ya mhasibu. Kampuni ya utalii inayopokea wateja kila siku itakuwa na akaunti ya benki au lipa namba yenye jina lake. Hilo la mhasibu ukilisikia, simama hapo hapo.

Baada ya kishika nafasi zinafuata pesa ndogo ndogo: bima shilingi 20,000 kwa kila mtu, kisha kibali cha hifadhi shilingi 30,000. Kwa hicho kibali aliwatumia karatasi yenye nembo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na namba aliyoiita ya kumbukumbu ya malipo. Ilikuwa namba ya simu. Malipo ya serikali hayatumwi kwenye laini ya mtu kama unavyomtumia shangazi pesa ya matumizi. Yana namba yake ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipia benki au kwenye simu kupitia sehemu ya malipo ya serikali. Boti ni ya mtu binafsi, mnakubaliana bei naye. Kiingilio cha hifadhi ni cha serikali. Anayekuunganishia vyote viwili kwenye laini moja ya simu akuonyeshe hiyo namba ya tarakimu 12 ulipe mwenyewe kiingilio chako.

Walipomwomba vyeti alituma picha ya TIN na leseni ya biashara. TIN ni namba ya mlipa kodi, hata mwenye genge anayo, haithibitishi kwamba mtu anaruhusiwa kusafirisha watalii. Wakala wa utalii anatakiwa awe na leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA. Iombe hiyo kwa jina lake. Jina la kampuni nalo litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni na biashara, mtandaoni, ni kazi ya dakika chache. Na hiyo leseni aliyoituma, ukiikuza picha, ilikuwa ya duka la vipodozi.

Lakini kwangu mimi kuna kitu kimoja kingetosha kumgundua kabla ya vyeti vyote. Hakuuliza uzito wa mtu yeyote. Nimeshawahi kupeleka wageni kwenye ziplaini nje ya mkoa huu, na swali la kwanza pale lilikuwa kilo. Kamba ya chuma imepangwa mwinamo wake kwa uzito wa kati ya kiwango fulani na kingine. Mzito kupita kiasi anafika mwisho kwa kasi ambayo breki haiwezi kuimeza. Mwepesi sana anaishiwa mwendo katikati, ananing'inia mpaka mtu aende kumvuta. Kwa hiyo mwenye ziplaini ya kweli atakupima kwenye mizani, atauliza ujauzito, moyo, mgongo, bega lililowahi kuchomoka. Atakuambia nywele ndefu zifungwe na viatu viwe vya kufunika. Atakuonyesha hanesi (mikanda unayofungwa mwilini), kofia na puli (kigurudumu kinachoteleza kwenye waya) kabla hujapanda mnara, na atasema mapema kwamba radi ikianza kunguruma kazi inasimama, umelipa au hujalipa.

Huyu aliwaahidi "mvua au jua, tunaruka". Desemba! Kila anayeishi Kigoma anajua kwamba kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua na radi ni za kawaida, na ziwa linaweza kuchafuka ghafla. Mtu anayeahidi kuwaning'iniza watu kwenye waya wa chuma wakati wa radi, hata angekuwa na ziplaini kweli, ningekuomba usimpe mtoto wako.

Kuhusu ATV ilikuwa vivyo hivyo. Mama mmoja alimwuliza kama mwanawe wa miaka 7 atapanda. Akajibiwa kwamba ataendesha yake mwenyewe, hamna shida. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto wa chini ya miaka 16 asipande kabisa ATV. Watu huzidharau kwa sababu zina matairi manne, wanadhani haziwezi kuanguka. Zinapinduka, hasa kwenye mteremko na kona, na zikipinduka zinakulalia. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ukimpakia wa pili nyuma unaharibu mizani yake. Muuzaji wa kweli atakuwa na masharti ya umri, kofia za saizi za watoto na wakubwa, mahali pa kujifunzia kabla ya kuingia njiani, na mwongozaji anayetangulia.

Kama moyo wako umeshapenda siku ya ATV na ziplaini pamoja, ni siku nzuri, sikukatazi. Itafute mahali ambapo vitu hivyo vipo na vina anwani, na uongee na watu waliokwisha kwenda. Uliza kama vyote viwili viko eneo moja au mtahamishwa kwa gari, na gari ni la nani. Uliza nani anawajibika mtu akiumia, na ukiambiwa kuna bima, omba jina la kampuni ya bima. Mimi ningeanza na ziplaini asubuhi mikono ikiwa haijachoka na nguo hazijaloa, matope ya ATV yaje baadaye. Muuzaji aliyewahi kuifanya kazi hiyo ataweza kukuambia kwa nini anapanga hivi au vile. Huyu alipoulizwa kipi kinaanza, alijibu "vyovyote mtakavyo".

Kigoma yenyewe ina mambo ya kutosha bila uongo. Gombe ya kweli ipo, ya kutembea kwa miguu, ila watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa hiyo uliza umri kabla ya kuwaahidi. Ujiji kuna makumbusho mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ukitaka kuogelea kuna ufukwe wa Jakobsen. Watu wa Tabora tuliwapeleka Ujiji, watoto wakala migebuka mpaka wakashiba, lakini pesa ile haijarudi.

Kama umeshamlipa, usipoteze muda kugombana naye kwenye WhatsApp. Piga 100 huduma kwa wateja ya mtandao wako muda huo huo, toa namba ya muamala, omba pesa izuiwe. Saa moja inaweza kuwa imechelewa, kwa sababu hawa hutoa kwa wakala mara inapoingia. Kisha piga picha za skrini za mazungumzo yote. Huyu ana tabia ya kuwasha ule ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, na baadhi ya wenzetu wa Tabora wamebaki na risiti tu, maneno yote yamepotea. Sauti zake zihifadhi kwenye simu nyingine. Nenda kituo cha polisi chukua RB, yaani namba ya taarifa yako, taja kwamba umetapeliwa kwa njia ya mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalihusu jambo hili. Namba aliyotumia itume 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ili ifanyiwe kazi. Na kama ulimtumia picha ya kitambulisho chako cha NIDA, maana aliwaomba "kwa ajili ya bima", piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafungwe, kabla watu wengine hawajatapeliwa kwa jina lako.

La mwisho, na hili limetokea jana. Mama mmoja wa kikundi alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa kitengo cha makosa ya mtandao. Anaijua pesa aliyotuma, tarehe, mpaka jina la ukurasa. Akasema mtuhumiwa amekamatwa na pesa zimepatikana, ila atume shilingi 45,000 za kufungulia jalada. Hajatuma, alinipigia kwanza. Aliyekuwa na taarifa hizo zote ni yule yule aliyechukua pesa. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, chukua RB yako, nenda kituoni ulipoifungulia ukamwulize mpelelezi uso kwa uso.