Uzoefu wangu na Pandoc: kugeuza faili za docx kuwa kurasa safi za wavuti

Nilikabidhiwa mwongozo wa kurasa 140 katika docx (umbizo la faili za Word), umejaa tanbihi, majedwali na picha, niupandishe kwenye tovuti. Nikaanza na njia ya mkato: ndani ya programu ileile ya kuandikia, nikachagua kuhifadhi kama ukurasa wa wavuti. Kwenye kompyuta ulionekana vizuri tu. Nilipoufungua kwenye simu, maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi na majedwali yamevuka ukingo wa kioo. Nikachungulia msimbo wake. Aya ya maneno manne ilikuwa imefungwa ndani ya lebo tatu, kila moja ikitaja upya fonti, ukubwa na rangi nyeusi, kana kwamba maandishi yangegeuka kijani yasipokumbushwa. Kunakili na kubandika nako kulinibebea takataka zilezile.

Ndipo nikajaribu Pandoc. Ni programu huria, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. (Ndiyo, falsafa.) Haina dirisha lenye vitufe, unaandika amri:

pandoc mwongozo.docx -t html -o mwongozo.html --extract-media=picha

Kipande cha mwisho kinazitoa picha zote na kuziweka kwenye folda ya "picha". Amri hiyo inakupa maudhui matupu bila kichwa cha ukurasa, na kwangu ilifaa kwa sababu tovuti ina kiolezo chake. Ukitaka ukurasa kamili unaojitegemea, ongeza -s. Ila angalizo: matokeo ni ya UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwenye faili), na kama kiolezo chako hakisemi hivyo, kila alama ya kunukuu iliyopinda itageuka kuwa â€™ na wenzake. Nilipoteza asubuhi nzima nikidhani faili limeharibika.

Mara ya kwanza ilimaliza kazi kwa sekunde chache, nami nikakasirika. Msimbo ulikuwa safi kweli, lakini karibu nusu ya vichwa vya habari vilikuwa vimegeuka aya za kawaida zenye herufi nzito. Kosa halikuwa lake. Badili jina la faili la docx liishie na .zip, ulifungue, na ndani utakuta document.xml, ambamo aya huandikwa pamoja na jina la mtindo wake. Pandoc husoma jina hilo. Aya yenye mtindo wa kichwa cha kwanza inakuwa h1, ya pili h2, yaani lebo za vichwa vya habari kwenye ukurasa wa wavuti. Mtu aliyekoleza maneno na kuyakuza hadi pointi 16 hajaandika kichwa cha habari, amechora picha ya kichwa cha habari. Nikarudi kwenye docx na kuvipa mitindo kimoja kimoja, siku mbili. Orodha zilizotengenezwa kwa kistari na nafasi nazo zilihitaji kufanywa upya, na safu zilizopangwa kwa kubonyeza Tab zilibidi ziwe majedwali.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Tanbihi ndizo zilizonifurahisha zaidi: namba ni kiungo cha kukushusha chini, na kule chini kuna mshale wa kukurudisha ulipokuwa unasoma. Masahihisho yaliyofuatiliwa ndani ya hati hukubaliwa yenyewe na maoni ya pembeni huachwa, kwa hiyo "nani kaandika upuuzi huu?" ya mhariri wetu haikufika kwa wasomaji.

Rangi huiachi nyuma kwa kupenda. Inatupwa, pamoja na fonti na upangaji wa katikati. Mimi nafurahi itupwe, ila maonyo yote ya mwongozo ule yalikuwa mekundu na sasa yakafanana na maandishi mengine. Dawa yake: niliunda mtindo kwenye docx nikauita "Onyo", nikaupa aya zile, kisha nikaongeza -f docx+styles kwenye amri. Kila onyo likatoka ndani ya div (lebo ya kufungia kipande cha ukurasa) yenye data-custom-style="Onyo", na mstari mmoja wa CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, ukalirudishia wekundu wake. Nikitaka kubadili rangi siku nyingine, nagusa sehemu moja tu.

Grafu zilizobandikwa zilitoka zikiwa EMF, umbizo ambalo vivinjari havionyeshi, hivyo nilizihifadhi upya kama PNG kwa mkono. Faili za zamani za .doc Pandoc haizisomi, nilizifungua kwa LibreOffice nikazihifadhi kama docx kwanza. Vipeperushi na mabango, yaani kazi ambayo sura yake ndiyo maana yake, usihangaike kuvipitisha humu.

Ukiogopa dirisha la amri, siku ya kwanza utajuta. Siku ya tatu nilikuwa nimeiandika amri ile kwenye faili dogo la maandishi, na sasa sura zote 11 zinageuzwa kwa mkupuo mmoja kabla sijakaa vizuri kitini.

Toleo la pili la mwongozo limeshaletwa. Vichwa vya habari safari hii vina mitindo, nashukuru. Mwandishi bado anabonyeza Enter mara nane ili sura mpya ianzie juu ya ukurasa, ila Pandoc huzitupa aya tupu zote bila kuuliza.