Kuchangisha pesa mtandaoni: jukwaa lipi, na linakula kiasi gani?

Tangu niwe mhazini wa mchango wa bili ya hospitali ya binamu yangu, watu hunipigia simu na swali moja: "Lipi linakata kidogo?" Nami huwajibu kwa swali: wachangaji wako wako wapi, na kila mmoja atatoa ngapi? Jukwaa linalomfaa shangazi wa Boston mwenye dola 100 si lazima liwafae vijana ishirini watakaotoa dola 5 kila mmoja.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi huingia kichwakichwa. GoFundMe, tovuti maarufu ya kuchangisha pesa, kule Marekani haitozi ada ya jukwaa kwa mchango wa mtu binafsi. Inachokata ni gharama ya malipo: asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila mchango. Dola 100 ikiingia, inakatwa dola 3.20. Haiumi. Dola 10 inakatwa senti 59, karibu asilimia 6. Dola 5 inakatwa kama senti 45, na hiyo ni karibu asilimia 9! Anayekula hapo ni zile senti 30, hazijali mchango ni mkubwa au mdogo. Kwa hiyo ukiwa na ndugu wanne nyumba moja huko majuu, waambie wakusanye pamoja walipe kwa kadi moja, mara moja.

Halafu kuna bakshishi. Mchangaji akifika kwenye kulipa, anaombwa awaongezee kidogo wenye jukwaa. Pesa hiyo haitoki kwenye mchango wako, inatoka mfukoni mwake juu ya alichokusudia, na anaweza kuishusha hadi sifuri. Wasipojua, watakuja kukuuliza wewe kwa nini kadi imekatwa zaidi. Waandikie mapema.

Sasa orodha yangu, kwa mtu aliyeko Kenya.

1. M-Changa. Kwa harambee ya nyumbani naiweka mbele bila kusita. Imekuwepo tangu 2012, na ilijengwa kwa watu wanaochanga kwa simu: M-Pesa na Airtel Money zinaingia, na aliye nje anaweza kutumia kadi. Nyanya mwenye simu ndogo ya kabambe hahitaji intaneti ili atoe mia mbili yake. Inakata asilimia ya kinachoingia, na katika kila familia hakosekani mjomba wa kusema hiyo ni pesa ya dawa. Sawa. Lakini unaweka wahazini zaidi ya mmoja, na pesa haitoki mpaka waidhinishe. Aliyewahi kukaa kwenye kikao ambapo mhazini anaulizwa "zile elfu themanini ziko wapi?" anajua anacholipia.

2. GoFundMe, wachangaji wakiwa wengi majuu. Kikwazo ni kwamba huwezi kuifungua ukiwa Kenya, Tanzania wala Uganda ukapokea pesa kwenye benki ya hapa. Lazima awepo mtu aliye katika nchi inayokubalika, mwenye akaunti ya benki huko, naye ndiye atakayekutumia. Mwandike wazi kwenye ukurasa: ni nani, ana uhusiano gani na mgonjwa, pesa itafikaje. Na hapa ndipo kuna makato ambayo hayaonekani popote kwenye ukurasa: kampuni ya kutuma pesa inaweza kusema ada ni sifuri, kisha ikazibadilisha dola zenu kuwa shilingi kwa bei ya chini kuliko ya soko. Usimuulize aliyeko huko "ada ni ngapi?" Muulize "shilingi ngapi zitaingia kwenye simu yangu ukituma dola 500 leo?", kisha alinganishe kampuni mbili au tatu. Jambo moja jema: usipofikia lengo, kilichopatikana bado ni chenu.

3. Paybill yenu wenyewe, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokea malipo kwa jina la kikundi. Hii ni ya kikundi kinachodumu, kama kanisa, msikiti, chama au shule. Kwa bili ya mwezi mmoja, makaratasi yake hayana maana. Mkiiomba, chagueni mapema nani atabeba ada: mchangaji, kikundi, au mgawane. Mimi ningesema kikundi kibebe, mtu atume elfu moja kamili bila kupiga hesabu ya senti.

4. GlobalGiving. Hii si ya bili ya hospitali. Ni ya shirika lililosajiliwa, na huchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Kuingia si rahisi: shirika jipya hupewa mtihani wa kukusanya kiasi fulani kutoka kwa idadi fulani ya wachangaji. Makato ni asilimia 5 hadi 12, na juu yake 3 za malipo, hivyo dola 100 inaweza kubaki 85. Ghali? Ndiyo. Ila mchangaji wa Marekani anapata stakabadhi ya kodi, jambo ambalo ukurasa wa kawaida wa GoFundMe wa mtu binafsi haumpi.

Wenye shirika lililosajiliwa Uingereza waangalie jukwaa la JustGiving, kwa sababu ya Gift Aid, nyongeza ya serikali kwa michango: mlipa kodi akitoa pauni 10, serikali inaongeza 2.50. Na kwa mchango wa zaka, jukwaa la LaunchGood linajulikana kwa Waislamu wa huko nje.

5. Nambari yako binafsi ya M-Pesa. Ya mwisho, na ndiyo inayotumiwa zaidi! Inaonekana ya bure, ila mchangaji akikutumia 500 analipa 7, akikutumia 1,000 analipa 13. Laini pia ina ukomo wa shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mimi nilianza hivi. Wiki ya pili pesa ya binamu ilikuwa imechanganyika na karo ya mwanangu na pesa ya gesi, nikakesha na taarifa ya M-Pesa na kalamu nyekundu nikitenganisha. Hakuna aliyenishuku, lakini mtu akitaka kunishuku ningekuwa na nini cha kumwonyesha?

Ikiwa huna njia nyingine, tumia laini mpya isiyo na kazi nyingine, na usitoe pesa taslimu. Ilipe moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali, kisha uweke ujumbe wa uthibitisho kwenye kikundi cha WhatsApp.

Na kabla hujamtumia mtu yeyote kiungo, jichangie mwenyewe shilingi mia, kisha ujaribu kuitoa. Utaona kilichobaki, kitambulisho gani wanataka, na siku ngapi zinapita. Hospitali haitakungoja ujifunze hayo siku ya kuruhusiwa mgonjwa.