Somo la biashara darasani au mradi wa kuku shuleni?

Darasani mwanafunzi wa sekondari Tanzania hujifunza leja (daftari la hesabu za biashara), urari (orodha ya kuhakikisha hesabu hizo zinalingana) na namna ya kutafuta faida halisi. Ni elimu ya maana: ina mtihani, ina mwalimu aliyesomea, na humfikia kila anayesoma somo hilo.

Mradi hufundisha yasiyoingia kwenye mtihani. Chukua kuku wa nyama. Vifaranga wanahitaji joto wiki za mwanzo, kwa hiyo mkaa ni gharama, na wanafunzi wengi husahau kuuandika. Chakula ndicho kinachomeza mtaji. Kuku akishafika wiki ya sita bila mnunuzi, kila siku anayobaki bandani anakula faida. Halafu anakuja mwalimu kuchukua kuku wawili, atalipa mwisho wa mwezi. Mtoto wa kidato cha pili atamdai vipi mwalimu wake? Hilo ndilo somo la mikopo lenyewe, na lina uzito kuliko kurasa kumi za daftari.

Ila mradi una hatari yake. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, iliyotaka shule zichanganye masomo na kazi, shule zetu zimekuwa na mashamba, na mara nyingi mwanafunzi alishika jembe tu bila kuona kitabu cha mauzo.

Kwa shule yenye nafasi ya kimoja tu, ningechagua mradi, kwa sharti kwamba daftari la fedha lishikwe na wanafunzi wenyewe na lisomwe mbele ya wenzao kila Ijumaa.