Vidonge 84 vya ini, na mfuko wangu wa dawa

Mie mwalimu mstaafu, nakaa Wete, miaka 69, nina sukari na kiungulia cha siku nyingi. Homa ya ini C sikujua kama ninayo mpaka nilipopimwa damu ili nifanyiwe upasuaji wa mshipa. Macho hayakuwa manjano, tumbo halikujaa. Nilikuwa nikichoka, lakini nani wa umri wangu hachoki?

Kile kipimo cha haraka husema tu kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Kinachotafuta kirusi chenyewe ni kipimo chengine, na kwa hicho nilipanda boti hadi Unguja. Jawabu: kirusi kimo. Daktari akaniuliza kama niliwahi kuongezwa damu zamani, maana kirusi hiki kilitambuliwa 1989 na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa akikipima, au kama niliwahi kuchanjwa kwa wembe wa watu wengi. Nikacheka. Nimeumikwa, yaani kuchanjwa na kutolewa damu kwa chuku, tangu ujana wangu, wembe mmoja, foleni mpaka mlangoni. Yumkini ndiko, yumkini siko.

Dawa yenyewe ni kidonge kimoja kwa siku, ndani yake mna mbili: sofosbuviri miligramu 400 na velpatasviri miligramu 100. Chupa tatu za vidonge 28, wiki 12, basi. Aliyelipa ni mwanangu. Nilikuwa nikimeza baada ya sala ya isha ili nisisahau. Wiki mbili za mwanzo kichwa kiliniuma kidogo, panadoli sikuhitaji. Wanaokumbuka zile sindano za zamani, ambazo wengine walichomwa mpaka wiki 48 wakishikwa na homa na huzuni, watajua kwa nini nasema hii ni rahisi.

Ila kabla ya kidonge cha kwanza daktari aliniambia, "Maalim, mimina mfuko wako mezani." Nikamimina: dawa za sukari, za presha, omeprazoli ya kiungulia, na vile vidonge vyeupe vya kiungulia vya kutafuna ambavyo hata sikuvihesabu kuwa dawa. Akaisukuma omeprazoli pembeni kwa kidole. Velpatasviri inataka asidi ya tumbo ili iingie mwilini, na omeprazoli kazi yake ni kuikata hiyo asidi. Vya kutafuna akaniachia, lakini viachane na kidonge kwa saa nne. Akauliza pia kama natumia amiodaroni ya moyo, kwani ikikutana na sofosbuviri mapigo yanaweza kushuka vibaya. Situmii. Akanipima na homa ya ini B, kwa sababu ukiitibu C, B iliyolala inaweza kuamka. Nimekaa miaka na mfuko ule na hakuna aliyewahi kuufungua. Wazee wenzangu, msiseme "natumia za presha tu". Chukueni mfuko mzima.

Wiki ya sita asubuhi moja jasho likanitoka, mikono ikatetemeka hata kikombe cha chai kikamwagika. Bi mkubwa akanipima: sukari 3.2, imeshuka mno. Kirusi chenyewe huvuruga sukari, kikiondoka sukari hushuka, na mie nilikuwa bado nameza glibenklamidi, dawa yangu ya kushusha sukari, kipimo kile kile. Ikapunguzwa. Hili sikuonywa, na nalilalamikia.

Wiki 12 baada ya kumaliza nikapimwa tena: kirusi hakionekani. Hapo ndipo huhesabiwa umepona, na kwa dawa hizi wengi wanapona, zaidi ya 95 katika kila 100, wazee kwa vijana.

Basi nikarudi kwa ajili ya mshipa, kituo chengine. Kijana akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Babu, una homa ya ini." Walikuwa wamenipima kile kipimo cha haraka. Wallahi miguu ililegea, japo nilijua. Alama ya kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi haitoki kwenye damu hata ukipona. Ni kama jamvi la karafuu: karafuu zimeshauzwa, harufu imebaki. Nikatoa karatasi yangu ya Unguja, akaisoma mara mbili, akaenda kumwonyesha mkubwa wake, upasuaji ukaahirishwa wiki tatu. Karatasi ile nimeitia plastiki.

Kuumika sijaacha, mgongo wangu haukubali. Lakini kupona hakukingi usiambukizwe tena, na chanjo ya C haipo. Kwa hiyo nanunua wembe dukani, naufungua mbele ya muumishi mwenyewe. Mwanzo alinuna. Sasa ananidai na pamba.