Kiungo cha Google cha kuomba maoni: chombo kizuri, uombaji ndio tatizo

Kwa saluni, gereji au mgahawa mdogo, kiungo hiki ni msaada mkubwa, tena ni bure. Ukiwa umeingia kwenye akaunti ya Google inayosimamia biashara, tafuta jina la biashara Google, kisha bonyeza sehemu ya kuomba maoni. Utapata kiungo cha kutuma WhatsApp na msimbo wa QR wa kuchapisha. Mteja akikibonyeza anafika moja kwa moja kwenye nyota za kupimia huduma yako. Kasoro yake ni kwamba asiye na akaunti ya Google hawezi kuandika, na maoni yanaonekana na kila mtu pamoja na jina la akaunti, au jina la utani ambalo mteja amelichagua. Wapo wasiopenda hilo, na wana haki.

Kinachoharibu ni namna ya kuomba. Kinyozi anamwonyesha mteja msimbo angali amefungwa kitambaa shingoni, halafu anasimama nyuma yake kuchungulia anabonyeza nyota ngapi. Hayo si maoni tena. Bandika msimbo karibu na mlango, au tuma kiungo mteja akishaondoka. Chakula, omba siku hiyo hiyo. Misuko, ngoja siku mbili tatu, maana iliyobana sana hujulikana usiku kichwa kikianza kuuma. Breki au injini, ngoja wiki, gari litembee kwanza.

Namba iliyokuja na malipo ya M-Pesa ilikuja kwa ajili ya malipo tu. Omba ruhusa kabla ya kuitumia kwa jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ujumbe mmoja unatosha: "Habari dada, asante kwa kuja juzi. Ukipata nafasi, tuandikie ulivyoiona huduma, nzuri au mbaya. Ukikosa nafasi, hamna neno." Asipojibu, mwache.

Usitaje nyota tano. Kutoa punguzo au soda ili uandikiwe maoni kunakatazwa na masharti ya Google, sawa na kuwaomba walioridhika peke yao. Maoni ya namna hiyo yakigundulika hufutwa. Hapo Google wako sahihi kabisa.

Maoni mabaya mwenye biashara hawezi kuyafuta. Anaweza kuripoti yanayovunja masharti, na kuyajibu. Jibu mapema, taja kosa lenyewe na ulivyolirekebisha, wala usimpigie mteja simu kumbembeleza abadilishe nyota.