Ngowe au Apple?

Msimu wa maembe ukiwadia pale Marikiti, soko la Mombasa, ubishi ni uleule: embe lipi bora, ngowe au Apple? Ngowe ni embe la kale la pwani, refu, ncha yake imejipinda kama mdomo wa kasuku. Apple, embe pia, ni la mviringo, manjano lenye wekundu begani.

Kwa ladha, mimi ni wa ngowe. Likiiva, ndani ni manjano iliyokoza, halina nyuzi, na maji yake hukutiririkia mpaka kiwikoni. (Likiwa bichi, likate ulile kwa chumvi na pilipili, basi tena.) Apple nalo halina nyuzi, ila biashara ndiyo kwake.

Shambani, mwembe wa ngowe hauwi mkubwa sana, kwa hiyo hata ua mdogo wa Kisauni unautosha. Apple hutanda. Lakini ngowe hudeka: mwaka huu huzaa hadi matawi yanainama, mwaka ujao hukupa machache. Ugonjwa wa ukungu kwenye maua huipata miembe yote miwili.

Kama wauza mbali, panda Apple ya kupandikiza (mche uliounganishwa juu ya shina la mwembe mwingine). Kama ni ya watoto na majirani, ngowe.